Wabugun na msitu wao

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliochagua viti vya karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe, shikamooni wanaostahili, na wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya utamaduni wa jamii ndogo. Kwa mazoea yetu, mada kama hii huja na picha za ngoma, shanga na vilemba, watu wakapiga makofi, kisha tukaenda kunywa chai. Mimi leo sina picha. Nawapeleka kwenye vilima vya kaskazini mashariki mwa India, jimbo la Arunachal Pradesh, wilaya ya West Kameng, kwa watu wanaojiita Wabugun. Serikali ya India, katika orodha ya makabila yanayotambuliwa chini ya Katiba, imewaandika kwa jina la Khowa, na mkiwatafuta vitabuni mtakutana na majina yote mawili. Hoja yangu ni moja na naitaja mapema: Wabugun wamebaki kuwa Wabugun kwa sababu ardhi imebaki mikononi mwao. Habari ya ngoma inafuata nyuma ya hiyo.

Kwanza tujue wako wapi. Arunachal Pradesh imepakana na Bhutan upande wa magharibi, Tibet upande wa kaskazini, na nyanda za Assam upande wa kusini. Vijiji vya Wabugun, kama Singchung, Wanghoo na Kaspi, viko kwenye miteremko ya bonde la mto Tenga na maeneo ya jirani. Majirani zao ni Washerdukpen wa mji wa Rupa, Waaka, Wamiji, na kwa mbele Wamonpa. Makadirio mengi huwaweka Wabugun kati ya watu 1,000 na 2,000. Hebu pimeni wenyewe: ziko shule za sekondari hapa mjini zenye wanafunzi zaidi ya hao.

Watu wachache hivyo wana lugha yao kamili, na si lahaja ya jirani. Wataalamu huiweka katika kundi dogo linaloitwa Kho-Bwa, pamoja na Kisherdukpen, Kisartang, Kipuroik na lugha nyingine chache za vijiji vya karibu. Hilo kundi lenyewe limewagombanisha wanaisimu. Wengi wanalihesabu ndani ya familia kubwa ya Kisino-Tibeti, yenye Kichina, Kitibeti na Kiburma. Wapo wanaosema hapana, ushahidi hautoshi, huenda hawa ni mabaki ya lugha za kale zilizokuwepo kabla ya hizo kubwa kuingia. Ugomvi haujaisha na mimi siuingilii, ila unaonyesha jambo: lugha inayosemwa na watu wasiojaza uwanja mdogo wa mpira inaweza kushika ufunguo wa historia ya nusu ya Asia.

Mtoto wa Kibugun anakua na lugha ngapi? Nyumbani Kibugun. Sokoni na jeshini Kihindi, ambacho ndicho lugha ya mawasiliano ya Arunachal nzima kwa sasa. Shuleni Kiingereza. Babu yake, kama alisoma kabla ya miaka ya 1970, alifundishwa kwa Kiassam, kwa sababu wakati huo ndicho kilichotumika darasani. Vizazi viwili tu, lugha ya shule ikabadilika kabisa, na kote huko Kibugun kikabaki mlangoni kikisubiri. Sisi tuliokuzwa na lugha ya mama, Kiswahili na Kiingereza tunaijua hali hiyo.

Sasa maisha yenyewe. Wabugun ni wakulima wa milimani. Kwa desturi walifyeka kipande cha msitu, wakachoma, wakapanda mahindi na mtama wa aina mbalimbali, kisha wakahama na kukiacha kipumzike. Kilimo cha namna hiyo huko India wanakiita jhum. Watawala wengi, wa Kiingereza na wa baada yao, wamekitukana kilimo hiki kama uharibifu. Lakini mlima ukiwa mkali na watu wakiwa wachache, kukiacha kipande cha shamba miaka mingi ndiyo mbolea ya bei nafuu kuliko zote. Tatizo huja watu wanapoongezeka na kipindi cha kupumzika kinapokatwa.

Katika vilima vya Kameng hulimwa pia ulezi, na hapa niruhusuni nijivune kidogo. Ulezi si mmea wa India kwa asili. Ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya Ethiopia na Uganda, ukavuka kwenda Bara Hindi maelfu ya miaka iliyopita, na ukapanda hadi miguuni mwa Himalaya. Huko wanaupika, na wanautengenezea pombe vilevile. Mzee wa Bukoba au wa Busia angeonja chungu cha huko asingehitaji mkalimani.

Mifugo yao mikubwa ni mithun. Tafadhali msimfikirie ng'ombe wa zizini. Mithun ni mnyama wa jamii ya ng'ombe, mweusi au wa kahawia iliyokolea, mzito, mwenye soksi nyeupe miguuni, na haishi nyumbani. Anaishi msituni, anajitafutia malisho mwenyewe. Hakamuliwi kwa desturi wala hafungwi jembe. Mwenye naye huenda msituni mara kwa mara na chumvi, akamwita, mnyama akaja kulamba kiganjani, wakaachana. Hicho ndicho kifungo pekee kati yao. Kwa makabila mengi ya Arunachal, mithun ndiye hesabu ya utajiri: hutolewa mahari, hulipwa faini, huchinjwa kwenye karamu kubwa. Na jimbo limemfanya mnyama wake wa nembo.

Mfikirieni kwa makini huyu mithun, kwa sababu ndiye anayeeleza msitu ni nini kwa Mbugun. Kwa mtu wa mjini msitu ni mahali pasipokuwa na mtu. Kwa mwenye mithun, msitu ni zizi. Ukiukata msitu, umebomoa zizi la kijiji kizima, na mahari za vijana wote zimetoka mbio.

Kuhusu ndoa nitapita haraka: jamii imegawanyika katika koo, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Kwa watu wachache hivyo, kanuni hiyo ina maana kwamba karibu kila mtu ni shemeji wa mtu. Ugomvi wa shamba unapozuka huwa tayari ni ugomvi wa familia, na huamuliwa hivyo, na wazee wa kijiji. Serikali nayo ina mtu wake kijijini, gaon bura, mzee anayevishwa koti jekundu kama alama ya madaraka. Koti hilo ni urithi wa Waingereza. Linachekesha ukiliona kwenye picha, lakini aliyelivaa hachekwi.

Imani yao ya asili inahusu milima, mito, miti na roho zinazokaa humo. Kuhani wao, anayeitwa phabi, ndiye anayeongea na upande huo: mtu akiugua, mavuno yakianza, nyumba ikijengwa. Wakati huohuo, kwa kuwa jirani zao Washerdukpen na Wamonpa ni Wabudha wa mkondo wa Tibeti, Ubudha nao umeingia Bugun, na bendera za sala zinapepea vijijini. Mtu anaweza kumwita lama, mtawa wa Kibudha, asubuhi na phabi jioni asione tatizo. Sikukuu yao kuu, Pham Kho, huadhimishwa tarehe 10 Septemba, na ni ya kuienzi milima na maji. Huvaa nguo za nyumbani, hucheza, hula, hunywa. Mnaona, nimewaletea ngoma kidogo.

Wakati wote huo, dunia haikuwaacha watulie. Mwaka 1959 Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, alipokimbia Tibet aliingia India kupitia upande huo, Tawang hadi Bomdila, mji mkuu wa wilaya yao, kisha akashuka Tezpur. Mwaka 1962 majeshi ya China yalishuka kwa njia hiyohiyo, na Novemba mwaka huo Bomdila ikaanguka. Vita vilikwisha ndani ya wiki chache na Wachina wakarudi nyuma, lakini jeshi la India lilibaki, na bonde la Tenga mpaka leo limejaa kambi. Kwa mkulima wa Singchung, kambi maana yake ni barabara, malori, kelele na soko. Nyanya na kabichi za miteremko ile huenda huko na kwenye masoko ya Assam. Kwa hiyo msiwafikirie kama watu waliofichwa nyuma ya ukungu. Ni wakulima wa biashara wanaojua bei ya kreti.

Sasa nifike kwenye ardhi, maana ndiyo iliyonileta hapa.

Tangu 1873 Waingereza waliweka mstari kwenye miguu ya vilima vile, na mtu wa nyanda za chini hakuruhusiwa kuuvuka bila kibali. Nia yao haikuwa nzuri sana: walitaka kulinda biashara yao ya chai na kuepuka vurugu za mpakani. Lakini kanuni ile haikufutwa baada ya uhuru. Mpaka leo Mhindi wa Mumbai au Delhi anahitaji kibali kuingia Arunachal, na mgeni wa nje ya India anahitaji kibali kingine chake. Mtu asiye wa makabila ya huko hawezi kununua ardhi akawa mmiliki. Mwaka 1947 ikatoka kanuni ya ardhi za jhum iliyotambua haki za kimila za vijiji juu ya mashamba yao. Baadaye Nehru, Waziri Mkuu wa India, kwa ushauri wa Verrier Elwin, Mwingereza aliyechukua uraia wa India na kuwa mshauri wa utawala wa vilima vile kuanzia 1954, alishika msimamo kwamba watu wa huko waendelee kwa akili zao na haki zao za ardhi na misitu ziheshimiwe. Wapo waliomlaumu Elwin kwamba anataka kuwaweka watu kama vitu vya makumbusho. Lawama hiyo naielewa. Ila nikitazama jamii ndogo za sehemu nyingine za dunia zilizobaki na nyimbo tu baada ya mashamba kwenda, namwelewa zaidi Elwin.

Sehemu kubwa ya misitu ya Arunachal kwa hiyo iko katika hali ya ajabu kisheria: kwenye karatasi ni msitu wa serikali usiopangwa daraja, lakini kijijini kila mtu anajua bonde hili ni la nani na mlima ule ni wa nani. Watu waliutumia msitu wao walivyoona inafaa, na miaka ya 1980 na 1990 mwanzoni kilichofaa kilikuwa mbao. Pesa ya magogo iliingia. Ndipo tarehe 12 Desemba 1996 Mahakama ya Juu ya India mjini Delhi ilipotoa amri kusimamisha ukataji na usafirishaji wa mbao kutoka kaskazini mashariki, katika kesi maarufu ya Godavarman. Siku moja pesa ipo, ya pili haipo. Nawaomba wale wanaozungumzia hifadhi kama jambo la moyo safi wakumbuke kipande hiki.

Pembeni mwa ardhi ya Wabugun ipo hifadhi ya wanyama ya Eaglenest, iliyotangazwa mwaka 1989, yenye kilomita za mraba 218, inayopanda kutoka kama mita 500 hadi 3,250. Jina lake la Kiingereza limetokana na divisheni ya jeshi yenye nembo ya tai iliyowahi kukaa huko, na barabara inayoikata ilijengwa na wanajeshi. Tembo hupanda milima hiyo hadi kwenye baridi kali. Panda mwekundu yupo. Na ndege, mamia ya aina.

Januari 1995 mtaalamu wa nyota, naam, wa nyota za angani, aitwaye Ramana Athreya, ambaye hupenda pia kutazama ndege, aliona huko ndege wawili asiowatambua. Miaka kumi baadaye akawaona tena, hatimaye akawanasa, akawapima, akawapiga picha, akachukua manyoya yaliyodondoka, akawaachia. Mwaka 2006 akamtangaza kuwa spishi mpya: kofia nyeusi, duara la manjano kuzunguka jicho, mabawa yenye madoa mekundu na manjano. Ndugu yake wa karibu anaishi mlima Emei, Sichuan, China, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo. Waliokuwa wameonekana wote walikuwa ndege 14 tu. Desturi ya sayansi ingetaka mmoja auawe awekwe kwenye droo ya makumbusho. Athreya akakataa, kwa sababu kumuua mmoja kati ya hao wachache kungekuwa wazimu.

Hakuwa wa kwanza kufanya hivyo, na hapa tena jirani zetu wanaingia. Mwaka 1988 katika mji wa Bulo Burti, Somalia, alipatikana ndege aliyedhaniwa mpya, akatangazwa mwaka 1991 kwa ushahidi wa damu na manyoya baada ya kuachiliwa huru, akapewa jina la kisayansi lenye maana ya aliyeachiwa. Mwaka 2008 vipimo vya DNA vikaonyesha kuwa alikuwa rangi tofauti tu ya ndege anayejulikana. Wapinzani wakashangilia. Wa Eaglenest, yeye, amebaki spishi kamili, tena kwenye orodha ya walio hatarini kabisa.

Jina la kisayansi la ndege huyo ni Liocichla bugunorum, yaani wa Wabugun. Athreya alilitoa kwa makusudi, ili wenye msitu wawe na sababu ya kusema "huyu ni wetu". Mtu anaweza kudhani kwamba mgeni aliwavumbulia Wabugun ndege wao. Mnajua jinsi kwale wa Udzungwa, hapa kwetu Tanzania, alivyojulikana kwa sayansi mwaka 1991? Watafiti waliona miguu ya ajabu ikielea ndani ya sufuria ya mchuzi waliopikiwa kambini. Aliyemnasa yule kwale hakuwa na cha kuvumbua. Alikuwa na njaa. Na huyo kwale wetu, kwa taarifa yenu, ndugu zake wa karibu wako Asia, na baadhi yao wanakwaruza majani makavu katika misitu hiyohiyo ya Himalaya ninayoizungumzia.

Baada ya 2006 watazama ndege wakaanza kumiminika kutoka Ulaya, Marekani na miji ya India. Wanalala kwenye mahema yanayoendeshwa na watu wa Singchung, mahali panapoitwa Lama Camp, wanalipa ada ya kijiji, wanakula chakula cha kijiji, wanaongozwa na vijana wa kijiji. Hilo lingeweza kuishia hapo, kama biashara ya kawaida ya utalii. Mwanzoni mwa 2017 wanakijiji wakaenda mbali zaidi: walitenga kilomita za mraba 17 za msitu wao wenyewe, nje ya Eaglenest, zikatangazwa Hifadhi ya Jamii ya Kijiji cha Singchung Bugun. Mwaka uliofuata wakapewa Tuzo ya Bioanuwai ya India.

Tusipite haraka hapa. Sheria ya wanyamapori ya India, ya 1972, ilirekebishwa mwaka 2002 ili ardhi ya jamii iweze kutangazwa kuwa hifadhi bila kukabidhiwa serikali. Kamati inatoka kijijini. Vijana wa kijiji ndio wanaofanya doria. Lakini uwindaji unakoma humo, na hapa ndipo pagumu. Katika vilima vya Arunachal kuwinda si uhalifu wa watu wachache; ni ujana wenyewe, ni nyama ya sikukuu, ni kofia ya mzee yenye mdomo wa ndege. Kumwambia mwanamume wa Singchung asiwinde kwenye msitu wa babu yake ni kumwomba sehemu ya utamaduni wake. Na waliomwomba walikuwa wadogo zake na wajomba zake, mkutanoni, kwa Kibugun. Ombi lilelile likitoka kwa afisa mwenye bunduki lingekuwa vita. Sisi wenye mbuga kubwa tunajua, maana tumewahi kuifanya kwa njia hiyo ya pili.

Je, kila mtu amefaidika? Hapana, na sitaki mwondoke mkidhani nimewaletea hadithi ya peponi. Watazama ndege huja miezi michache ya mwaka. Wenye kazi za kuongoza wageni na kupika kambini ni sehemu ndogo ya kijiji. Waliobaki wanaishi kwa nyanya, kabichi, kazi za serikali na mikataba ya barabara. Utafiti wa muda mrefu wa Umesh Srinivasan na wenzake huko Eaglenest umeonyesha kwamba katika misitu iliyowahi kukatwa mbao ndege wengi wanadhoofika, na kwamba joto linavyopanda baadhi yao wanahamia juu zaidi mlimani. Mlima una kilele. Mipaka ya hifadhi haihami nao.

Mzee mmoja aliniuliza nilipokuwa natayarisha mazungumzo haya: kwa hiyo msitu umepona, na lugha je? Swali zuri, na jibu lake halina utamu. Msitu una kamati, una sheria, una ada ya mgeni na una doria. Kibugun hakina mgeni anayekilipia. Serikali ya jimbo imekuwa ikihimiza vitabu vya lugha za makabila shuleni, lakini lugha ya watu wasiofika elfu mbili huja mwisho wa foleni, na mwalimu anayeletwa kutoka wilaya nyingine hufundisha kwa Kihindi kwa sababu ndicho alichonacho. Kinachokiweka Kibugun hai kwa sasa ni jambo la kawaida sana: watoto bado wanakulia vijijini, kwa sababu vijiji bado ni vyao, na bibi yuko jikoni. Siku kijana wa Wanghoo atakapouza haki yake ya bonde na kupanga chumba mjini Itanagar au Guwahati, mtoto wake atakuwa Mhindi mzuri tu, mwenye Kihindi safi.

Mwenyekiti ameanza kutazama saa. Kuna maswali mawili yaliyoletwa kwenye karatasi, moja kuhusu vibali vya kuingia Arunachal na jingine kuhusu kaya za Wamijikenda, ile misitu yao mitakatifu, na kama zingeweza kuendeshwa kwa mtindo wa Singchung. La kwanza ni rahisi: mgeni huomba kupitia wakala wa safari anayetambuliwa, na kwa kawaida husafiri na mwenzake, si peke yake. La pili naliacha kwa wazee wa Kilifi na Kwale waliomo humu ukumbini. Nimewaona watatu, na kipaza sauti sasa ni chao.